Mrejesho: kiuno kuuma wakati wa kuinua chuma kutoka sakafuni
Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwaeleza kwamba kiuno kiliniuma kila nilipoinua chuma cha kilo 90 kutoka sakafuni, nanyi mkanishauri nipunguze uzito, nikiweke chuma karibu na miundi ya miguu, na nijaze hewa tumboni kabla ya kukiinua. Nilirudi kwenye kilo 60 na kujirekodi video kwa upande, ndipo nikaona makalio yakitangulia kupanda huku mgongo ukipinda kama upinde. Sasa nainua kilo 80 bila maumivu.

Matoke sikuyaacha (hapa Kampala nani angeweza?), ila nimeongeza maharagwe, mayai na mukene, dagaa wetu wa bei nafuu, ili nikaribie gramu 1.6 za protini kwa siku kwa kila kilo ya mwili wangu.