Naomba ushauri: kupima uvimbe wa zege kwenye kinu cha nyuklia

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaolijua zege.

Naandika tasnifu kuhusu vinu vya Marekani vinavyoomba kuongezewa leseni. Leseni ya kwanza ni miaka 40, nyongeza hadi 20, na mwombaji lazima aoneshe atakavyodhibiti uchakavu. Nimechagua Seabrook: zege lake lina mmenyuko wa alkali na silika, yaani jeli inayofyonza maji, inavimba na kupasua zege polepole. Leseni yake iliongezwa mwaka 2019, hadi 2050.

Nimekwama kwenye vipimo. Kupima upana wa nyufa usoni ni rahisi, ila nondo zilizo sambamba na uso wa ukuta hubana uvimbe, nao huelekea kwenye unene, ambako jicho halifiki (hapo ndipo sina amani). Nimesoma kuhusu ekstensomita (vifaa vya kupima jinsi zege linavyotanuka) za ndani ya tundu, lakini hizo huonesha mabadiliko tangu zilipofungwa tu.

Je, uvimbe wa kabla ya hapo unaweza kukadiriwa kwa kupima moduli ya unyumbufu (kipimo cha jinsi zege linavyokataa kunyumbuka) kwenye sampuli zilizochorongwa? Na kama nguvu ya awali inajulikana kwa zege la siku 28 tu tangu limwagwe, moduli ya mwanzo, kabla ya uvimbe, niipateje?