Naomba ushauri: tufungue tawi au kampuni tanzu Kampala?

Wakuu, habari za kazi. Mimi na mdogo wangu tunasaga unga wa lishe hapa Mwanza. Wateja wa Kampala wameongezeka, tunataka ofisi huko. Tufungue tawi, au tusajili kampuni tanzu Uganda, yaani kampuni mpya inayomilikiwa na hii yetu? Benki ya CRDB ya hapa Tanzania ilipoingia Burundi mwaka 2012 ilianzisha kampuni tanzu, na naona sababu: deni la kule kwa kawaida haliigusi kampuni mama, ila tawi likidaiwa tunadaiwa sisi. Lakini kampuni mpya ina hesabu zake na kodi zake, na mtaji wetu ni mdogo. Kinachonikosesha usingizi zaidi ni madaraka: meneja wa Kampala apange bei mwenyewe, au aamuliwe na Mwanza? Mliopitia njia hii, naombeni mnielekeze. Wahasibu na wanasheria pia.