Mrejesho: ile safari ya Marsabit, Chalbi mpaka Turkana

Mnakumbuka niliuliza kama kagari kangu kadogo kanaweza kufika Loiyangalani, kule kando ya Ziwa Turkana kaskazini mwa Kenya, bila mtu wa kutuongoza, wengi mkanikanya. Asanteni, niliwasikiliza. Tumerudi juzi, siku sita, landikruza ya kukodi na dereva anayeijua njia.

Isiolo hadi Marsabit ni lami tupu, nikaanza kujiuliza nimelipia nini, na Marsabit yenyewe ni msitu na ukungu, baridi hiyo, na mimi jaketi sikubeba. Sasa shuka uelekee Kalacha! Jangwa la Chalbi halina barabara, ni alama za tairi zimeenda kila upande kwenye chumvi, na mvua ikinyesha inageuka tope la kumeza gari, kwa hiyo dereva alikuwa anasimama kwanza kuuliza wachungaji wa ngamia. Karibu na Loiyangalani mawe meusi ya volkano yalitupasulia tairi mbili, na spea tulikuwa nazo mbili, piga hesabu mwenyewe. Upepo wa ziwani usiku usiseme, si ajabu wameweka zile mashine 365 za umeme wa upepo.

Tulirudi kupitia South Horr na Maralal. Aliyeuliza bajeti, mafuta ndio yalikula hela, jaza Marsabit na ubebe madumu.