Naomba ushauri: vifupisho vya chaguo kwenye argparse
Habari wakuu. Natunza programu huria ndogo ya Python inayosoma chaguo za mstari wa amri kwa argparse (maktaba ya Python ya kazi hiyo). Mtumiaji akiandika --ver, argparse inaelewa --verbose. Sasa nataka kuongeza --version, na hapo --ver itakuwa na maana mbili, programu itagoma na skripti za watu zitakwama.

Kuna allow_abbrev=False, mpangilio wa argparse unaozima vifupisho hivyo, tangu Python 3.5, ila kabla ya 3.8 ilizuia hata -vv (yaani -v mara mbili), na wapo watumiaji wangu wenye matoleo hayo ya zamani. Binafsi naona tuvizuie vifupisho, maana --help (maelezo ya matumizi) haivitaji kabisa. Je, nitoe onyo kwanza kwa toleo zima? Na ukurasa wa man (mwongozo wa programu unaosomwa kwa amri ya man) mnauandika kwa mkono, au mnauzalisha kutoka kwenye msimbo? Wangu umeachwa nyuma na --help, na wageni wanapotea.