Natafuta fundi wa kunishika mkono kwenye picha za sura. Nimwendee vipi?

Mwanagenzi
Wakuu, habari za humu. Nataka picha za sura ziwe kazi yangu, siyo mapumziko ya wikendi. Nina kamera ya fremu nzima, lenzi ya 50mm na flashi moja. Studio sina. Video za mafunzo zimenifikisha nilipofika: leo picha inatoka safi, kesho jicho moja limefifia na pua imekuwa kubwa, sababu siijui. Naona dawa ni kukaa karibu na fundi. Nianze kumwambia nini? Nitamtambuaje anayefundisha na anayetafuta mbeba stendi za taa wa bure? Na ni kwa muda gani? Nawasilisha.

KivuliLaini
Mkuu, usiandike "naomba unifundishe kupiga picha". Ujumbe huo haujibiki. Mpelekee tatizo moja na picha inayolionyesha. Mfano:

"Mwalimu, shikamoo. Picha hii nimepiga kwa 50mm, f/1.8, mita 1 kutoka usoni, mwanga wa dirisha. Jicho la karibu liko kwenye fokasi, la mbali limefifia. Naomba dakika kumi uniambie nilikosea wapi."

Huyo atakujibu, kwa sababu kazi ya kufikiri umeshaianza mwenyewe. Na hilo la jicho tulimalize hapa hapa. Kwa vipimo hivyo, sehemu yenye ukali ina kina cha sentimita 4 hivi, nusu mbele ya fokasi na nusu nyuma. Mtu akigeuza uso nyuzi 45, jicho la mbali linarudi nyuma sentimita 4 na ushee. Limeshatoka nje. Rudi hadi mita 1.5 bila kubadili tundu la lenzi (ile f/1.8; namba ikikua, tundu linabana na kina kinaongezeka), kina kinakaribia sentimita 10. Hata ukikata kingo baadaye ili uso ujae, bado una nafuu. Ukifunga hadi f/4 ndiyo unalala usingizi.

Pua nayo ni umbali huo huo, lenzi haina kosa. Ukimsogelea mtu sana, pua iko karibu na kamera kuliko masikio kwa sehemu kubwa ya umbali wote, kwa hiyo inavimba. Ukirudi nyuma tofauti inapungua. Ndiyo maana 85mm inapendwa: inakulazimisha usimame mbali.

TaaYaPembeni
Kubeba stendi si dharau, ila ubebe macho yako pia. Kuwa na daftari, na kila mpangilio wa taa uandike mambo manne: taa iko upande gani, juu kiasi gani kuliko macho, umbali kutoka usoni, na nguvu iliyowekwa. Mfano softboksi (kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga wa flashi) ya sentimita 90 ikiwa mita 1 kutoka usoni inatoa kivuli chenye kingo laini. Isogeze hadi mita 2: mwanga unabaki robo, yaani umepoteza stopu mbili (kila stopu inakata mwanga nusu), na kivuli kinakuwa kikali kwa sababu kwa macho ya anayepigwa ile taa imekuwa ndogo. Wengi huongeza nguvu ya flashi kufidia, halafu wanashangaa ukali wa kivuli hauondoki.

Kumpima fundi ni rahisi. Akisogeza taa, muulize kwa nini. Mwalimu atakuonyesha kitu kinachoonekana: "kivuli cha pua kilishagusa mdomo", "mboni hazina nuru". Anayejibu kila mara "ni uzoefu tu" hafundishi, hata kama picha zake ni nzuri kupindukia.

Mengine madogo yanayofukuzisha wasaidizi: mguu mmoja wa stendi uelekee upande ule ule taa inakoning'inia, na mfuko wa mchanga ukae kwenye mguu huo. Na ukiona utepe mweusi pembeni mwa picha ya flashi, shata (pazia la kamera linalofunguka na kufunga) imezidi kasi ambayo kamera inaweza kwenda sambamba na flashi. Kamera nyingi ukomo ni 1/200 au 1/250 ya sekunde.

BintiLenzi
Naongezea kwenye makubaliano, maana wengi wanaumia hapo. Andikeni hata ukurasa mmoja: siku zipi, saa ngapi, nauli ya nani, picha utakazopiga kwenye kazi yake ni za nani, na zipi unaruhusiwa kuweka kwenye jalada lako. Anayepigwa naye atoe ruhusa kwa maandishi. Akiwa mtoto, mzazi au mlezi wake asaini. Kutazama bure wiki mbili tatu sioni ubaya. Picha zako zikianza kukabidhiwa kwa mteja, hapo ni kazi na ilipwe.

Muda: miezi mitatu, mkutane kila baada ya wiki mbili, katikati uwe na zoezi. Na usimpelekee picha kumi bora tu! Mpelekee fremu zote 200 za kipindi kimoja, kwa mfululizo. Humo ndimo anaona ulivyoacha kuongea na mtu, mabega yakapanda, ukaendelea kubonyeza.

Zoezi la kwanza ningependa liwe ngozi nyeusi. Kamera hukisia kila kitu ni kijivu cha wastani. Uso mweusi mbele ya ukuta mweupe utazama gizani; mbele ya kitambaa cheusi utapauka. Weka mwangaza kwa mkono, angalia paji la uso upande wa taa: liwe na mng'ao lakini ngozi bado ionekane. Taa pana ya pembeni inachora umbo vizuri kuliko flashi ya usoni.

Mwanagenzi
Asanteni sana. Nimejaribu sasa hivi: dirisha pembeni, f/4, mita 1.5. Macho yote mawili safi. Ila nusu ya uso imekuwa giza tupu.

TaaYaPembeni
Dirisha halisogei, msogeze mtu. Mwache mwili ulipo, geuza uso wake pole pole kuelekea dirishani hadi kivuli cha pua kiungane na kivuli cha shavu, na chini ya jicho la upande wa giza ibaki pembetatu ndogo ya mwanga. Kivuli kikiwa bado kizito, ubao mweupe upande wa pili, nusu mita kutoka shavuni. Kisha weka fremu zote hapa, na zilizoharibika pia.