Rumours ya Fleetwood Mac: ilikukuta ukipitia nini? Tupeane uzoefu

Wakuu, leo tuizungumze Rumours, albamu ya bendi ya rock ya Fleetwood Mac iliyotoka Februari 1977. Mwaka 1976 walikuwa wanairekodi studio ya Record Plant, Sausalito, California, huku mapenzi yakivunjika mle mle ndani ya bendi. John na Christine McVie ndoa imekwisha, Stevie Nicks na Lindsey Buckingham wameachana. Na bado wakapigiana vyombo! Christine alimtungia mpenzi wake mpya "You Make Loving Fun". Besi humo anapiga John, yule yule aliyeachwa. Lindsey akamsema Stevie kwenye "Go Your Own Way", na Stevie huyo huyo anaimba sauti za kuitikia humo humo. Mimi niliisikiliza sana nilipoachana na mchumba wangu. Tulikuwa kwaya moja, na hakuna aliyehama. Jumapili tunasimama mstari mmoja, tunaimba. Albamu hii ilinipa moyo kwamba inawezekana. Wenzangu, ninyi je?

—

Mkuu, mimi napiga besi bendi ya harusi. Kilichonivuta ni "The Chain", pale wimbo unaponyamaza kisha besi ya John inaingia peke yake. Waliuunga kwa vipande vya kanda, na ndio pekee humo wenye majina ya wanabendi wote watano kama watunzi. Mwalimu wangu hakunifundisha kingine mpaka nikipige kile kipande bila kukimbia.

—

Kwangu ni "Songbird". Marehemu baba alikuwa na kaseti yake. Christine aliurekodi kwenye ukumbi mtupu wa Zellerbach, Berkeley, ili piano ipate mwangwi wa ukumbini. Tuliupiga kwenye arobaini yake, na mama ndiye aliyeomba urudiwe.

—

Naomba kutofautiana kidogo na mleta uzi. Nilifanya kazi ofisi moja na mtalaka wangu, watu wakinisifu kwa ukomavu. Ukweli nilikuwa na watoto na kodi ya nyumba, sikuwa na pa kwenda. Naamini hata hao bendi ilikuwa riziki yao. Ndiyo maana naupenda zaidi "Silver Springs" wa Stevie, ulioachwa nje ya albamu ukawekwa upande wa pili wa santuri ya "Go Your Own Way". Tafuteni walivyouimba jukwaani 1997: Stevie anamgeukia Lindsey, anamwimbia usoni. Miaka ishirini, na hasira bado ipo. Mimi hapo ndipo nililia.