Kununiana kazini hospitali: tupeane uzoefu

MpembaAsilia: Leo nimempeleka mamaangu kliniki. Wauguzi wawili, meza moja, wanasemeshana kupitia mgonjwa: "Mwambie huyo anipe kadi." Nyie wa hospitali, kazi huendaje hivi?

Ukhti_Wete: Haiendi, inaburuzwa.

KhangaMbili: Miye nilikuwa mhudumu wodi ya wazazi, Pemba, sitaji wapi. Mkunga wa zamu na kijana wa maabara ni mtu na binamu yake, hawasemezani mwaka wa pili, ugomvi mikarafuu ya babu yao. Saa nane usiku mama kajifungua, damu haikati. Khanga ya kwanza, ya pili, mpaka kandambili zangu zinateleza. Simu ipo ukutani, mkunga haigusi. Kanipa fomu na kichupa cha damu ya mama ipimwe kundi, nenda maabara. Kijana kakirudisha: hakina jina. Nikarudi. Jina likaandikwa, fomu haina saini. Nikarudi tena! Mara ya tatu nilikaa mlangoni kwake nikalia: "Mwanangu, huyu anayekufa hana hata mkarafuu mmoja." Ndipo akanyanyuka mbio. Chupa mbili za damu zikapatikana, mama kapona alhamdulillahi. Asubuhi ripoti ya zamu mstari mmoja tu: "Damu ilichelewa."

Hadubini: Samahani bi mkubwa, kichupa kisicho na jina hakipokelewi popote. Ukimtia mtu damu ya kundi silo unaweza kumuua. Kijana alikuwa sawa.

KhangaMbili: Kichupa sawa. Na miguu yangu? Si angepiga simu akasema yote mara moja?

Hadubini: Na mkunga je?

Ukhti_Wete: Haya, na nyie mshaanza.

ZamuYaUsiku: Kwetu umeme ulikatika, wa jioni kamnunia wa usiku, hakumwambia friji imezima tangu magharibi. Oksitosini, sindano ya kuzuia damu baada ya kuzaa, inataka baridi ya nyuzi 2 mpaka 8. Boksi zima tukaliweka kando.

MpembaAsilia: Sasa dawa ya kununiana nini?

ZamuYaUsiku: Daftari la kukabidhiana zamu. Kila kitu kiandikwe, mpende msipendane.

Ukhti_Wete: Daftari! Letu walikuwa wanaandikiana mafumbo humo.

Hadubini: Mkuu wa wodi awapange zamu mbalimbali.

KhangaMbili: Wako wangapi hata uwatenganishe? Usiku atabaki paka.

MpembaAsilia: Bi KhangaMbili, mikarafuu kachukua nani?

KhangaMbili: Kesi bado iko kwa sheha.